Kuchapa viungo vya mwili kwa chembe hai: ni kitu gani, kimefikia wapi, na sharia inasemaje

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Maswali juu ya jambo hili yamekuwa yakitufikia kwa muda sasa, na aghlabu huja pamoja na kipande cha video kinachozunguka kwenye simu: mashine yenye sindano inachora sikio, au moyo mdogo wa rangi ya waridi, na chini yake pameandikwa kwamba mwanaadamu sasa "anaumba". Wapo wanaouliza kama hii ni shirki. Wengine, na hao ndio walionifanya niandike kwa urefu, wana mgonjwa ndani. Familia moja ya Pemba inasema baba yao figo zimeshindwa kazi. Kijana wao mkubwa amepimwa na ameonekana anafaa kumpa figo moja, lakini nyumba imegawika. Nusu wanasema kijana asubiri, kwa kuwa figo za kuchapwa ziko njiani na hazitamdhuru mtu.

Wanavyuoni wa usuli wanasema hukumu ya kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe. Basi tukijue kwanza.

JAMBO LENYEWE

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, zile ambazo vitabu vya skuli vinaziita seli. Seli za aina moja zikishikana na kufanya kazi pamoja huitwa tishu: tishu ya misuli, ya ngozi, ya gegedu kama ile inayolishika sikio likasimama. Tishu mbalimbali zikipangwa kwa mpango maalumu ndiyo tunapata kiungo, kama figo au ini.

Kuchapa tishu ni kuzipanga seli hizo kwa mashine, tabaka juu ya tabaka, kwa kufuata ramani iliyomo kwenye kompyuta. Asili yake ni mashine za kuchapa vitu vya pande tatu. Mmarekani Charles Hull aliombea hataza mashine ya namna hiyo mwaka 1984, nayo ilikuwa ikichapa plastiki tu. Mwaka 1988 mtafiti Robert Klebe wa Texas alichukua printa ya kawaida ya ofisini, ya wino, akaifanya iweke matone ya protini ambayo seli hupenda kujishika nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Thomas Boland wa Chuo Kikuu cha Clemson akaonyesha kwamba seli zenyewe zinaweza kupita kwenye tundu la printa ya wino zikatoka zikiwa hai. Kwa hiyo elimu hii ilianzia kwenye mashine ileile inayotukwamisha karatasi maofisini kila siku.

Kazi huanza kwa picha. Mgonjwa hupigwa picha za ndani za kipimo cha CT au MRI, na kompyuta huzigeuza kuwa umbo, kisha huligawa umbo hilo vipande vyembamba kama kurasa za kitabu. Daktari hukata kipande kidogo cha nyama ya mgonjwa, seli hutolewa humo na kukuzwa maabara kwenye joto la mwili, nyuzi 37, kwa wiki kadhaa mpaka ziwe mamilioni. Hapo huchanganywa na uji mzito unaoitwa wino hai. Uji huo ndio unaozishika seli zisimwagike, na ndio utakaotuchukulia nafasi kubwa mbele tukifika kwenye hukumu.

Mashine zenyewe ni za aina nyingi. Nyingine hudondosha matone. Nyingine hukamua uji kupitia sindano, kama mpishi anavyokamua malai juu ya keki, na hizi ndizo zinazotumika sana. Ziko pia zinazogandisha uji kwa mwanga. Kitu kikishachapwa hakiwi tayari papo hapo. Huwekwa kwenye chombo chenye joto na lishe, seli zikashikana, zikaanza kazi. Wakati huohuo uji unayeyuka kidogo kidogo na seli zinajitengenezea nyuzi zao wenyewe badala yake.

KIMEFIKIA WAPI

Hapa pana maneno mengi ya kupotosha, na nitayataja yale yaliyotokea kweli.

Watu huchanganya mambo matatu. La kwanza ni tishu zilizokuzwa maabara bila kuchapwa. Tangu miaka ya 1980 ngozi iliyokuzwa kwa seli za mgonjwa mwenyewe imetumika kuwafunika watu walioungua sana. Mwaka 2006 Dk. Anthony Atala na wenzake walitangaza katika jarida la Lancet kwamba wagonjwa saba, watoto na vijana, waliwekewa vibofu vya mkojo vilivyokuzwa kwa seli zao. Vibofu vile vilijengwa kwa mkono juu ya kiunzi, havikuchapwa. La pili ni figo za nguruwe aliyebadilishwa vinasaba. Mwezi Machi 2024 madaktari wa Boston walimwekea mgonjwa hai figo ya namna hiyo, na alifariki kiasi cha miezi miwili baadaye. Hiyo nayo haikuchapwa. Ni figo ya mnyama, na hukumu yake ina mlango wake. La tatu ndilo letu.

Katika kuchapa kwenyewe, mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Wake Forest kilionyesha sikio la ukubwa wa mtu, vipande vya mfupa na misuli, vilivyochapwa na kupandikizwa kwa wanyama wa maabara. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walichapa moyo wa ukubwa wa moyo wa sungura kwa seli za mafuta ya mtu. Huo ndio ule wa kwenye video. Seli zake ziliweza kujikunja, lakini moyo wenyewe haukusukuma damu, jambo ambalo video haisemi.

Kwa wanaadamu, mwaka 2022 huko Texas msichana wa miaka 20 aliyezaliwa na sikio moja dogo lisilokamilika aliwekewa sikio lililochapwa kwa seli za gegedu zake mwenyewe, katika jaribio lililopangwa kuwa la watu 11. Mwaka 2023 madaktari wa Seoul, Korea Kusini, walimwekea mgonjwa wa saratani ya tezi ya shingo kipande cha bomba la pumzi kilichochapwa. Seli za kipande hicho zilitoka puani mwa watu wengine, na madaktari walieleza kwamba hakuhitaji dawa za kuzuia kinga ya mwili.

Msomaji atagundua kwamba vitu hivi, sikio na kipande cha bomba la pumzi, ni vyembamba na havina kazi ngumu ya ndani. Siyo bahati tu. Seli inahitaji kuwa karibu na mshipa mdogo wa damu, kiasi cha sehemu mbili za kumi za milimita; ikiwa mbali zaidi, hewa haiifikii na inakufa. Gegedu huvumilia umaskini wa damu. Figo haivumilii. Figo moja ina vichujio karibu milioni moja, kila kimoja na kishada chake cha mishipa midogo kuliko unywele, na mirija inayojua nini kirudi kwenye damu na nini kitoke na mkojo. Kuchapa umbo la figo ni rahisi. Kuchapa mishipa yake yote, ikapitisha damu siku baada ya siku bila kuziba, hakuna aliyeweza kwa mgonjwa yeyote hadi ninapoandika. Chuo Kikuu cha Stanford, ambacho ni miongoni mwa vilivyo mbele, kilipata mwaka 2023 fedha za serikali ya Marekani, dola milioni 26.3, kwa mradi wa miaka mitano wa kuchapa moyo. Shabaha ya mradi huo wote ni kuupandikiza kwa nguruwe, si kwa mtu.

Faida ya karibu zaidi iko kwengine. Vipande vidogo vya ini na tishu nyingine vinachapwa ili kujaribia dawa, ijulikane mapema kama zinadhuru kabla hazijapewa mgonjwa. Hilo linafanyika tayari.

BASI KIJANA ASUBIRI?

Hapana. Asiambiwe asubiri figo ya kuchapwa, kwa sababu hakuna figo hiyo. Mgonjwa anayesafishwa damu hulala kwenye mashine mara tatu kwa wiki, kiasi cha saa nne kila mara, na mwili wake unachoka mwezi hadi mwezi. Tanzania imekuwa ikipandikiza figo Muhimbili tangu Novemba 2017, na baadaye Dodoma katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, kutoka kwa jamaa aliye hai. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lililoko Jeddah, katika azimio lake nambari 26 la mwaka 1988, limeruhusu mtu hai kutoa kiungo ambacho maisha yake hayakisimamii peke yake, kwa sharti kwamba asidhurike dhara linaloharibu maisha yake ya kawaida, atoe kwa hiari yake, na kisiuzwe.

Lakini niseme na upande wa pili. Kutoa figo ni ihsani. Si faradhi ya kumlazimisha kijana, hata kwa baba yake. Kijana akiogopa ana haki ya kuogopa, na aseme anaogopa, asitafutiwe kisingizio cha mashine ya Marekani. Baba naye asifichwe. Wazee wetu wengi wakiambiwa ukweli huwa wepesi zaidi kuliko watoto wao wanavyodhani.

Wapo wanavyuoni wakubwa, khasa wa Pakistan na India, waliokataza kabisa kupandikiza viungo vya wanaadamu wengine. Hoja yao ni karama ambayo Allah (S.W.) amemtunukia mwanaadamu, iliyotajwa katika Suratul Israa aya ya 70, na hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayolinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja akiwa hai. Anayeifuata kauli hiyo tunamheshimu. Na kwa hakika kuchapa viungo kwa seli za mgonjwa mwenyewe, siku litakapokamilika, kutaiondoa sehemu kubwa ya khitilafu hiyo, kwa sababu hakuna atakayekatwa.

JE, NI KUUMBA?

Swali hili jibu lake ni fupi kuliko hofu yake. Mwenye kuchapa hakufanya uhai. Seli alizikuta hai, akazilisha, akazipanga. Zikifa mkononi mwake hawezi kuzirejesha. Mfano wa nzi uliopigwa katika Suratul Hajj aya ya 73 uko palepale, na maabara zote za dunia hazijausogeza hata kidogo. Mkulima wa mkarafuu hupanda mche na kuumwagilia, wala hatumwambii kwamba ameumba mkarafuu. Na Suratul Waqia imeliuliza swali hilohilo kwa wenye kulima.

Hadithi za makemeo kwa wenye kufanya sura nazo hazihusiki. Zile ni za mwenye kuiga viumbe vya Allah kwa masanamu na picha, kwa kuvitukuza au kushindana, na sikio linaloshonwa kichwani mwa mtoto si sanamu. Dalili iliyo karibu zaidi ni kisa cha sahaba Arfaja bin As'ad, kilichopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Pua yake ilikatika katika vita vya Kulab zama za ujahilia. Akajitengenezea pua ya fedha ikamnukia vibaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha atumie ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume kuivaa, juu ya hivyo akaruhusiwa, na hata hakuwa katika khatari ya kufa. Ilikuwa haja ya uso wake mbele ya watu.

Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa bila sikio, aliyeungua, mama aliyekatwa titi kwa saratani, wote hao wanatibiwa, na kuwarudishia umbo la kawaida si kubadilisha maumbile. Lililokatazwa ni kubadilisha kilicho sawa kwa kutafuta uzuri tu. Mwenye pua nzima akitaka nyingine ya kuchapwa kwa sababu ameona ya mtu kwenye simu, huyo hana ruhusa.

WINO HAI UNATOKA WAPI

Hapa ndipo penye kazi kwa Muislamu, na ndipo watu wanaposahau kuuliza.

Baadhi ya malighafi hazina tatizo. Alginati hutokana na mwani wa rangi ya kahawia. Mwani wanaoulima kina mama wa Paje na Jambiani ni wa jamii nyekundu, na kinachotolewa humo ni karajinani. Nayo pia watafiti wameijaribu kwenye wino hai, jambo ambalo wakulima wetu wangefurahi kulijua. Tatizo liko kwenye jelatini, ambayo maabara hutumia sana, na nyingi yake hutolewa kwenye ngozi ya nguruwe, nyingine kwa ng'ombe. Kolajeni hutoka kwa ng'ombe, au mikia ya panya. Na ile lishe ya kuzikuzia seli kwa kawaida hutiwa maji ya damu ya kijusi cha ng'ombe.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, kitu kilicho najisi kwa asili yake hakitwahariki kwa kubadilika, isipokuwa yale yaliyotajwa, kama pombe iliyojigeuza siki yenyewe na ngozi ya mzoga iliyodibaghiwa, wala kudibaghi hakumgusi mbwa na nguruwe. Wanavyuoni wa Hanafi ni wapana zaidi: kitu kikigeuka kikawa kitu kingine, hukumu hugeuka nacho. Kwa kauli hiyo, kongamano la wanavyuoni na madaktari lililofanyika Kuwait mwaka 1995 lilisema jelatini iliyogeuka kabisa ni twahara. Baraza la Jeddah, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilikataza jelatini ya nguruwe katika chakula, kwa kuwa ya halali ipo.

Mimi naona mgonjwa wa visiwani hana haja ya kuhama madhehebu kwa jambo hili, kwa sababu vitabu vyetu vimeshalijibu. Waliosoma Minhaj ya Imam Nawawi chuoni watakumbuka, katika sharti za Swala, mas-ala ya mtu aliyeungwa mfupa wake kwa mfupa wa najisi. Akiwa hakupata kilicho twahara, ana udhuru na Swala yake ni sahihi. Akiwa alikipata akakiacha, analazimika kukitoa, isipokuwa akihofia madhara. Maneno hayo yameandikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita, nayo yanakaa juu ya wino hai bila kuongezwa kitu.

Basi kwa vitendo: kabla ya kutia saini karatasi ya ridhaa, uliza jelatini ni ya mnyama gani, na kama iko ya ng'ombe au samaki. Ipo. Uliza kama seli zinaweza kukuzwa kwa lishe isiyo na damu ya mnyama, kwani nazo zipo. Uliza seli zimetoka kwa nani. Daktari mwema hachukii maswali hayo. Akisema kwa uaminifu kwamba kwa tiba hii hakuna nyingine, na haja ni ya kweli, ruhusa ipo. Na kama umeshawekewa bila kujua, usijikate nyama wala usizirudie Swala zako.

Kuhusu seli za mtu mwingine, kama ilivyokuwa Seoul, zikitolewa kwa ridhaa na bila kuuzwa zinaingia katika ruhusa ya kutoa kilicho na uwezo wa kuota tena, kama damu na ngozi. Seli shina ziko chini ya uamuzi wa Baraza la Fiqhi la Makka wa mwaka 2003: zinafaa kutoka kwa mtu mzima, kitovu na kondo la nyuma, mimba iliyoharibika yenyewe, na viinitete vilivyobaki katika matibabu ya uzazi vikitolewa na wenyewe, hazifai kutoka mimba iliyotolewa makusudi, wala viinitete vilivyotengenezwa kwa kunakiliwa.

Mlango wa uzazi ni mzito zaidi. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Northwestern kilichapa viunzi vya ovari kwa jelatini, vikatiwa vijifuko vya mayai ya panya, na panya waliowekewa wakazaa. Baraza la Jeddah lilikataza mwaka 1990 kupandikiza korodani na ovari za mtu mwengine, kwa kuwa hubeba sifa za kurithi na kuchanganya nasaba. Kiunzi kisicho na kitu, kikabeba mayai ya mke mwenyewe katika ndoa yake, kinatofautiana na hilo kwa wazi, lakini halijafika kwa wanaadamu, na mabaraza yatapaswa kuliangalia litakapofika.

UDHU, MAITI NA PESA

Tishu iliyochapwa ikishapona na kuota mwilini ni mwili. Inaoshwa katika udhu na josho kama ngozi nyingine. Mwenye nalo akifariki haichomolewi, anaoshwa na kuzikwa nayo. Wakati wa kidonda, hukumu ni ya bendeji na tayamamu kama tujuavyo. Kipande kilichokatwa na kubaki, kikipatikana, ni sunna kuzikwa.

Mwisho, pesa. Kuna watu wanaowatumia wagonjwa ujumbe kwamba kwa malipo ya awali watawekewa jina kwenye foleni ya figo au ini la kuchapwa nje ya nchi. Foleni hiyo haipo kwa sababu kiungo hakipo. Jaribio la kweli la kitabibu huwa limesajiliwa na lina kamati ya maadili, na kwa kawaida mshiriki hatozwi bei ya kitu kinachojaribiwa kwake. Aliyekwisha kulipa aripoti polisi, na asione haya.

Wallahu a'lam.